Mguu wa Kushoto

Aliileta Jumatatu, saa ya jua kuchoma mabati,
Datsun 120Y, rangi ya mtindi uliochacha,
taa moja imelegea, inakonyeza.
"Inalia," kasema Bi Zuwena binti Sleyum,
akashuka, akajipangusa kwa ncha ya leso.
"Inalia muda wote. Na kule mlima wa Amerat
injini inapiga makelele kama imefiwa,
gari lenyewe linakwenda kama limeitwa kwa kadhi."

Wadi Kabir nzima ilikuwa inagonga nyundo.
Nikamwambia Biju, zima redio.
Klachi haitazamwi. Klachi husikizwa.

Nikafunua boneti, nikatafuta mafuta yake:
yamejaa, rangi ya chai nyepesi,
hakuna jasho kwenye mpira, hakuna tone sakafuni.
Si hapo.
Nikakanyaga pedali mpaka chini, nikatia rivasi:
ikaingia kimya, bila kusaga meno.
Basi kuachia, inaachia.
Kushika, je?

Nikavuta hendibreki, nikatia gia ya nne,
nikapandisha resi kidogo, nikaondoa mguu.
Injini yenye klachi nzima hufa papo hapo
kama kibatari kilichopulizwa.
Hii ilisitasita. Ikazunguka, ikazunguka,
ikanuka ukucha unaoungua,
ndipo ikafa, shingo upande.
"Inateleza," nikasema.
"Hata mie huambiwa nateleza," akajibu, wala hakucheka.

Ikabaki ile sauti.
Nikawasha tena, nyutro, nikagusa pedali
kwa ncha ya kiatu, uzito wa paka:
nyenze akaamka ndani ya giaboksi.
Nikaondoa: kimya.
Nikagusa: nyenze.
Beringi, nikasema, na Biju keshaleta jeki.
Lakini neno lake likanibaki sikioni:
kwake inalia muda wote.
Kwangu inanyamaza.

Siku mbili chini ya tumbo la gari,
mchanga wa miaka ukituingia machoni.
Diski imelika hadi ripiti,
flaiwili ina madoa ya buluu
kama mishipa ya mkono wa mtu mzima.
Kitu hiki hakikuvunjika. Kimelambwa.
Bandu bandu, kwa mguu mwepesi
usiokuwa na nia mbaya.

"Bibi, ukiendesha, mguu wa kushoto unauweka wapi?"
Akaviangalia viatu vyake.
"Juu ya pedali. Kwani pana pengine?"
"Sakafuni. Ukiuegemeza pale, hata kidogo,
gari halijui kama umeamua kwenda au kukaa."

Akanywa karaki yake mpaka machicha.
"Nilijifunza gari Darsait, mwaka sabini na sita,
miezi mitatu tangu tushuke na masanduku mawili.
Marehemu akinambia kila usiku:
lile kubwa usilifungue,
huenda tukarudi.
Basi nikatoa shuka tu, za juu juu,
nikalifunga. Liko chini ya kitanda hadi leo."
Akaweka kikombe. "Na mguu ndo huo."

Sikuwa na spana ya jambo hilo.

Nikafunga diski mpya na beringi mpya,
kisha nikakata kibao cha mkunazi,
nikakivalisha kipande cha zulia,
nikakikaza kwa skrubu kando ya pedali.
"Hapa, Bibi. Hapa ndipo pa kuupumzisha."
Akalipa riyali zake zote, kanikatalia punguzo.
Cha kibao sikumtoza.

Mwezi wa pili akaja kubadilisha oili.
Nikainama, nikijidai naangalia kapeti.
Juu ya kibao changu: chupa ya maji
na bakuli la halua limefungwa mfuko.
Mpira wa pedali unang'aa kama shilingi mpya.

Sikusema kitu. Nikafungua daftari la oda,
nikaandika: beringi, 120Y, moja.
Nikamtazama anavyorudi nyuma getini, polepole, nyenze bado hajazaliwa.
Nikafuta moja.
Nikaandika mbili.