Hesabu Nyuma ya Kalenda

Nyuma ya kalenda ya mwaka jana,
kwa penseli ninayochorea ukuta kabla ya kutoboa,
nimeandika: mafunzo, dola mia mbili na sitini.
Faili, kumi na tano.
Ovaroli, glavu na viatu visivyopitisha umeme, thelathini.
(Sandali zangu za tairi zimenilinda miaka kumi na moja,
hizo hawazihesabu.)
Miezi tisa, kila siku mchana, kule Ibanda.
Na mchana ndipo watu wananiita.

Nabintu anachungulia juu ya bega langu.
"Umesahau unga."
Naandika unga.
"Na kodi ya nyumba."
Naandika kodi, nakandamiza penseli,
mpaka upande wa pili, kwenye picha ya ziwa,
maji yanatoboka.

Mimi ni Zihindula wa Nyamugo.
Nyumba thelathini na nane za mbao nimezitia taa,
kuanzia penye bomba lililokauka hadi bucha la Mushengezi.
Waya mmoja niliugawa mara saba
kama mama agawavyo samaki mmoja:
kila mtu alionja, hakuna aliyeshiba.
Nani aliniuliza karatasi?
Waliniuliza: bei gani, na lini?

Lakini mwezi wa tatu hoteli moja kando ya ziwa ilitafuta fundi.
Dola mia na themanini kwa mwezi.
Nilipanga foleni nyuma ya Cirimwami,
niliyemfundisha mimi kushika koleo,
ambaye hata leo hagusi waya kabla ya kumtaja Mungu.
Yeye alikuwa na cheti ndani ya plastiki.
Mimi nilikuwa na makovu ya moto kwenye vidole vitatu.
Mkubwa wa pale alisoma cheti.
Vidole hakuvisoma.

Basi toa, jumlisha.
Nikipata kazi, miezi miwili pesa imerudi.
Nisipopata, cheti kitaning'inia ukutani
juu ya swichi isiyowasha kitu,
maana Ruzizi tunausikia usiku ukinguruma kule chini,
na bado tunapika kwa makaa.
Ningekomea hapo. Penseli nilikwisha irudisha sikioni.

Halafu Jumanne, saa nane za usiku,
avenyu ya juu iliwaka.
Mbao hupashana moto upesi kuliko majirani habari.
Nyumba kumi na moja.
Watu walitoka wote.
Haikutoka cherehani ya Nsimire, wala mbuzi wake.

Asubuhi chifu aliniita:
"Wewe unajua mambo ya umeme. Tuambie ulianzia wapi."
Nilipanda na testa mfukoni, kama mtu aendaye kusaidia.
Penye nguzo nilikiona kiungo cha waya,
kimesokotwa kuelekea kushoto,
na juu yake nailoni ya mfuko wa sukari, imeyeyuka nusu.
Mafundi wote ninaowajua husokota kulia.
Mimi natumia mkono wa kushoto.

Labda haukuanzia pale.
Kulikuwa na viungo vingine, na jiko la mtu lililosahauliwa.
Chifu alingoja, kalamu juu ya daftari.
Nikasema: "Umeme."
Akaandika umeme,
kama jina la mgeni aliyekwisha vuka mpaka.

Sijamwambia Nabintu habari ya kushoto.
Jioni nilimfuata Cirimwami akitoka kazini,
nikamuuliza kama anayetania:
darasani waliwafundisha lini kufunga kiungo?
Akacheka. "Siku ya kwanza, kaka.
Hata majina yetu walikuwa hawajayaandika."

Nikaishusha kalenda tena.
Chini ya unga na kodi niliandika: cherehani moja.
Bei yake sikuiweka.
Kisha nikazigawa zile mia mbili na sitini
kwa siku zote za miezi tisa, nikitoa Jumamosi na Jumapili,
nijue siku ile ya kwanza, peke yake, ni shilingi ngapi.
Ilitoka dola moja na faranga kidogo:
kilo ya sukari,
pamoja na mfuko wake.