Cha Kuazima

Saa nane usiku nahesabu kabati,
mimi Nyanjige, mfamasia wa zamu.
Nje, miamba ya Mabatini imebeba nyumba zake,
ziwa limelala jeusi kama kaniki.

Ugonjwa ni mgeni, haukuja na dawa yake.
Basi tukaazima.
Tukaanza na kidonge cha malaria:
kikarudi mikono mitupu,
kikauacha moyo wa mgonjwa unadunda ovyo.
Tukaazima cha ukimwi. Kikabisha hodi tu.
Cha minyoo kilikwisha madukani Igogo
kabla hajapatikana wa kusema kinatibu nini
zaidi ya minyoo.

Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako.
Wahenga hawakuwahi kukaa zamu.

Kitanda cha sita: Minza, muuza furu wa Mwaloni,
oksijeni themanini na nne, vidole vya buluu.
Doto mwanawe kaja na sufuria
ya mwarobaini na majani ya limau, kaifunika kanga.
"Dada, mpe zote. Zako na zangu."
Nikamwambia ini la mama yako ni moja.

Halafu kuna deksa.
Kichupa kidogo, bei haifiki nusu kilo ya sato,
miaka yote kwenye rafu ya chini
kinangoja wenye pumu.
Kirusi hakikigusi hata kidogo.
Kinauambia mwili: taratibu,
unachoma nyumba kwa sababu ya panya.
Miligramu sita. Siku kumi. Nikaandika, nikatia sahihi.

Kitanda cha saba, Luhende, fundi wa injini za mitumbwi,
kaona sindano ikipita.
"Na mimi?"
Yeye anavuta pumzi zake mwenyewe,
siku ya tatu tu ya homa,
askari wake bado wako vitani:
nikimpa sasa nitakuwa nimewafunga mikono.
Nikamweleza hivyo. Nikamweleza tena.
"Sema tu ni ya wenye hela," akasema.

Sikuwa na jibu linaloingia kwenye kichupa.

Alfajiri kivuko cha Kamanga kinapiga honi.
Minza, tisini na moja. Anaulizia furu wake, nani kawaanika.
Naandika daftarini: deksa, vimebaki kumi na kimoja.

Luhende amelala kifudifudi, kama tulivyomfundisha,
uso kaugeuzia ukuta.
Nahesabu mgongo wake unavyopanda na kushuka,
ishirini na mbili kwa dakika.
Nahesabu tena.