Hatamu

Usiniulize bado.
Kadi tatu ziko mezani, chai haijapoa kikombeni,
na wewe, Kwamboka, umeshaanza kupapasa mkoba.

Najua. Mwenye nyumba anataka jibu Ijumaa,
dada yako wa Pipeline amekupigia mara mbili tangu uketi,
na huku chini, Ngara, wanashusha marobota ya mitumba
kwa kelele za watu wasiojua kuna mtu juu anasoma.
Lakini kadi si ujumbe wa M-Pesa,
haiingii kwa mlio ikakuonyesha na salio.

Nikueleze aibu yangu.
Mwaka juzi, kiti hicho hicho, alikaa Mutinda, fundi cherehani.
Likatoka Gari. Nikaona magurudumu, nikaona taji,
na kabla pumzi yake haijatulia
baada ya ngazi zangu za ghorofa nne
nikamwambia: safari, ndugu yangu, ushindi, nenda.
Akauza cherehani zake mbili na pasi ya makaa.
Akaenda.

Alirudi mwezi wa tatu. Hakunidai kitu.
Alishika kibarua kwenye cherehani zilezile,
analipwa kwa kila suruali.

Usiku mmoja stima ilipotea.
Nikaitoa kadi ile, nikaiwashia mshumaa,
nikaichambua kama dengu kwenye ungo:
jicho, kidole, jicho.
Ndipo nikaiona mikono ya mwendeshaji.
Haina hatamu.
Wanyama wawili mbele yake, mweusi na mweupe,
kila mmoja na upande wake,
na yeye kasimama, kifua mbele, hajashika chochote cha kuwazuia.

Miaka sita nilikuwa nayo, kadi ile.

Basi funga mkoba.
Hii ya kati imekaa kichwa chini;
tusiiogope, tusiishangilie.
Sema unachokiona, si unachokitaka.
Mbwa? Ndiyo, yuko mbwa.
Anamwonya mtu huyo, au anacheza naye?
Hata mimi sijui bado.
Ukiinuka sasa utakuwa umelipia neno la kwanza,
na neno la kwanza huwa langu, si la kadi.

Kunywa chai. Tazama tena.
Huko chini wamekata kamba ya robota,
wameacha kupiga kelele.
Wanachagua, moja moja,
wakigeuza nguo ndani nje,
wakiinua mshono kwenye mwanga.