Tanbihi

Mheshimiwa aliagiza nambari moja.
"Wageni ni wangapi Malindi? Ijumaa nina mkutano."
Aliitaka fupi, iishe kwa pumzi moja ya kipaza sauti.

Nilianzia kwa chifu. Daftari lake la mwaka wa mafuriko
limeliwa na mchwa kuanzia herufi M,
kwa hiyo kina Mbarouk, kina Moretti, kina Ndayizeye
wote walihama siku moja, wakaingia tumboni mwa mdudu.

Uhamiaji wana faili za wenye kadi.
Asiye na kadi, kwao, hajafika bado.
Zahanati ya Muyeye inawajua wajawazito,
waume zao haiwajui.
Na sensa iliuliza: usiku ule ulilala wapi?
Ndayizeye wa karanga alilala juu ya magunia ndani ya lori,
mahali fulani kati ya Mambrui na Garsen.
Labda alihesabiwa mara mbili, labda hakuhesabiwa.
Mwenyewe anasema, "Nilikuwa nimechoka."

Nikaziweka nambari nne mezani
zikatazamana kama mawifi.
Hii imehesabu waliozaliwa nje,
ile imehesabu wasio raia.
Mzee Ottavio, anayenunua mnazi kwa Kigiriama
na kutukana kwa Kitaliano, alishakula kiapo cha uraia:
yumo katika hii, hayumo katika ile,
na saa hizi yuko kibarazani kwake anachambua dengu.

Mayungu, Bi Time binti Faki alinimiminia chai,
akakiweka kikombe upande wake wa mkeka:

    Kitovu changu Mayungu, kilizikwa na mamangu,
    Na kaburi la babangu, li nyuma ya nyumba yangu,
    Basi nambie mwanangu, ugeni upi ni wangu?
    Andika: mja wa Mungu, ndipo unywe chai yangu.

Kitambulisho chake kina miaka miwili.
Yeye ana sitini na tatu.
Jedwali la zamani lilimwita mgeni, jipya linamwita raia,
na katikati ya majedwali hayo hakutoka jikoni.
Nikanywa.

Mheshimiwa naye alishajionea la kwake:
kata yetu, wageni mara tatu ndani ya miaka kumi.
"Wanamiminika!"
Nikamtandikia ramani mbili, ya kale juu ya mpya.
Mpaka ulikuwa umesogea hadi ng'ambo ya mikorosho,
ukameza mtaa mzima na kisima chake.
Hakuna aliyefunga mzigo, mheshimiwa.
Iliyohama ni kalamu.

Lakini kilichoninyima usingizi
ni kisanduku kimoja, ukurasa wa nane, pembeni:
*Waliozaliwa Ngazija: 1.*
Moja.
Mtaa mzima unajua ni nani.
Ni Soilihi fundi saa, nyuma ya ghala la chumvi,
anayelala redio ikisema.
Nambari gani hii yenye mlango, na kufuli lenyewe bovu?
Nikaifuta. Nikamtia katika "wengineo, chini ya kumi",
kama unavyomvutia mtoto chandarua
bila kumwamsha.

Ijumaa nikapeleka karatasi:
mstari mmoja, kutoka kiasi hiki hadi kiasi hiki,
na chini yake tanbihi kumi na mbili.
"Hivi vidudu huku chini ni nini?"
Ndiyo habari yenyewe, nikasema.
Nambari hii ina mkia. Ukiukata,
usiwaambie watu ndiye mnyama niliyekuletea.

Aliukata.
Nilimsikia nikiwa Barani, spika zikikoroma:
alichukua kiasi cha juu, akakizungushia sifuri.

Jumatatu niliibandika karatasi nzima mlangoni pa ofisi,
kwenye kimo cha macho.
Watu wawili watatu walisimama, wakaondoka.
Saa nne akapita Soilihi.
Akatoa kile kioo chake cha kazi, cha jicho moja,
akasoma tanbihi zote, taratibu, hadi ya mwisho,
akajitafuta,
hakujiona,
akaenda kufungua duka.