Limefunguliwa na Mwingine

Nyumba yetu ya mbao hapa Tartu ina ngazi kumi na nne,
na chini ya ngazi, kati ya viatu vya theluji
na mtungi wa matango ya chumvi,
kuna kisanduku cheusi chenye taa mbili za kijani.
Ndani mna diski mbili, kila moja kioo cha mwenzake:
ikifa hii, ile inakumbuka.
Nilikiunga mwenyewe.
Nikapandisha waya pembeni mwa ukuta hadi kwa mama,
nikatoboa sakafu, nikaushusha mwingine hadi kwa baba.
Tangu hapo mimi, Kirke, miaka kumi na sita,
ndiye msimamizi wa mtandao.
Cheo hiki hakina mshahara.

Mama analala juu. Baba amehamia chini, jirani na sauna.
Hawajaachana. Hawajapatana.
Neno la mdomo lilikatika Septemba
kwa jambo ambalo sikuambiwa,
na kilichobaki kati yao ni kabrasha moja
nililolipa jina YA WOTE,
ruhusa: kusoma na kuandika.
Mengine nimeyafunga. Ya mama, mama. Ya baba, baba.
Yangu huyaoni hata ukiyatafuta.

Basi wanagombana kwa majina ya faili.
Bili_ya_umeme.
Bili_ya_umeme_sahihi.
Bili_ya_umeme_sahihi_SOMA_TENA.
Bili_ya_umeme_ya_mwisho.
Bili_ya_umeme_ya_mwisho_kweli_Tarvo.
Mafahali wawili, zizi moja, na mchunga ndiye mimi.
Usiku napita na fagio,
nabakiza moja, mengine natia pipani,
na pipa silimwagi mpaka zipite siku thelathini,
maana hata hasira
mtu huenda akaitaka tena.

Januari, digrii ishirini na sita chini ya sifuri,
mbao zikipasuka kama vidole vya mzee,
niliamka kuona kama nakala ya akiba imekamilika.
Saa tisa kasoro robo.
Kwenye orodha ya waliounganishwa, watu wawili.
Picha_2009: wazi juu.
Picha_2009: wazi chini.
Ile ya Ziwa Peipsi, mimi nimekalishwa kwenye ndoo,
mkono wa nani sijui umeshika mpini.
Mkate ukiugawa hupungua.
Picha haikupungua: kila mmoja alipata nzima,
na kila mmoja akadhani yuko peke yake.
Sikukohoa.

Kisha ikaja barua ya bibi Hilja, anayetimiza themanini.
Niliwawekea karatasi tupu tangu Jumatatu,
wiki nzima hakuna aliyeigusa.
Usiku ule waliigusa wote wawili,
kila mtu kwenye kompyuta yake,
wakahifadhi ndani ya dakika moja.
Mashine haikuuliza nani ana haki.
Iliziweka zote mbili, na moja ikaibandika neno: mgongano.

Katika moja: Tutafika Jumamosi. Tarvo ataendesha, barabara ya Võru ina barafu.
Katika nyingine: Nitakuja. Nitakuja na Leelo akikubali.
Hii ya pili ilikuwa na nafasi nyingi tupu mwishoni,
kama mtu aliyebonyeza, akabonyeza,
asijue pa kushukia.

Ninayo mamlaka ya kufuta yoyote.
Ninayo mamlaka ya kuziunganisha, nifanye sentensi moja laini
isiyo na mwandishi.
Niliondoa mkono.

Asubuhi, kabla chai haijachemka, nilijaribu kuifungua barua.
Kikaja kidirisha cha kijivu, bila salamu:
Faili hili limefunguliwa na mwingine. Unaruhusiwa kusoma tu.
Mimi! Msimamizi!

Kwenye ngazi kulikuwa na miguu.
Kushuka au kupanda, sikubainisha.
Nilihesabu: tisa.
Ikasimama.
Kule chini ya ngazi taa za kijani zilipepesa haraka haraka,
na mimi nikakaa na kijiko mkononi,
nikisubiri ya kumi.