Bati Lililobaki Uchi

Gari liliuzwa Juni.
Baba haoni tena mstari wa barabara,
akaacha ufunguo juu ya friji, akatoka nje,
akaweka kiti pale magurudumu yalipozoea kusimama,
penye doa la oili lisilotoka kwa sabuni wala kwa mchanga.

Julai, alfajiri, bati likatokwa na jasho baridi,
tone baada ya tone: kwenye chai, kwenye redio, kwenye upara wake.
"Hata mvua ya kweli haijawahi kunilenga hivi," akasema.
Januari ikaja, na hapa Cunnamulla Januari haina huruma.
Mchana bati unalisikia kabla hujaligusa,
linapasuka ta! ta! kama chumvi motoni,
na joto linakukalia mabegani kama mtu anayekudai.

Mama ndiye aliyeamua. Noelene Purtell hajadiliani na jua.
Akapiga simu Charleville, yakaja mabunda kumi na manne ya pamba ya kioo,
karatasi inayong'aa kama tumbo la samaki,
papi, plaiwudi, skrubu ndoo nzima.
Shemeji Rohan akaja na drili yake na maoni yake.
Mimi nikapewa ngazi.

Kazi ya dari ni kazi ya shingo.
Siku mbili unatazama juu kama mwenye kuomba
wala huombi kitu, unatafuta tu kenchi iko wapi.
Unaacha upenyo wa vidole viwili chini ya bati, hewa ipite,
unabana mkanda kwenye maungio,
na pamba inaingia shingoni, mikononi, kwenye kope,
inawasha hata ukiiwaza.
Viota vya nyigu tulivibandua kwa bisibisi.
Rohan alikata ubao mfupi kuliko kipimo chake mwenyewe,
akaulaumu msumeno.

Jumamosi jioni ikabaki nafasi moja, pembeni, juu ya kiti.
Baba, kimya tangu asubuhi, akainua fimbo.
Akagonga dari mpya: du.
Akagonga bati lililo wazi: tang.
Akarudia, huku, kule,
kama mnunuzi wa tikiti maji.

"Hilo liacheni."

Rohan akaanza habari za joto litakalopenya.
"Miaka sita ya ukame," baba akasema, "nililala dirisha wazi
nikisubiri tone la kwanza lipige hapo.
Macho yamekwenda. Mkiniziba na hapa,
mvua itanyesha nami nitaambiwa, kama habari za mbali."

Mama akautazama ubao uliokwisha kukatwa,
akauchukua,
akaufanya kifuniko cha pipa la chakula cha kuku.

Sasa ni Machi. Kivuli ni kivuli kweli;
nyuzi nane pungufu, Rohan ameandika nguzoni kwa penseli.
Ila pale pembeni joto lingali linashuka,
mraba wake upana wa shuka la mtoto,
na baba husogeza kiti kando saa sita, hukirudisha saa kumi,
bila neno.

Jana usiku nilikuwa naosha vyombo.
Sikusikia kitu, dari imejifunza kumeza.
Kiti tu kikaburuzwa kwenye sementi
na sauti ikaita, taratibu:
"Noelene. Moja."
Kisha, baada ya kitambo kirefu,
"Mbili."