Mapokezi

Msimu wa korosho mimi ni karani wa mizani,
ghalani Chuno, kalamu sikioni, vumbi puani,
na kuhusu kupokea ninajua jambo moja:
gunia haliwi mali mpaka apatikane wa kulipokea.

Ndiyo maana Bi Somoe aliponieleza
habari ya kichwa cha mdogo wangu Mfaume
nilimwelewa upesi kuliko alivyotarajia.
Alichora nyuma ya kadi ya kliniki:
hii dopamini, hivi vipokezi vyake,
vidirisha, vingine vya kusema nenda,
vingine vya kusema ngoja kwanza.

Unga, alisema, haupigi hodi dirishani.
Unawalaza walinzi wa geti,
na kilichokuwa kikipimwa kwa kibaba
kinamwagika.

Nikayaona malori arobaini kwa usiku mmoja,
hakuna foleni, hakuna stakabadhi.
Makarani wafanye nini?
Wanafunga madirisha. Hili, halafu lile.
Si kwa chuki. Mikono imechoka.

Kisha asubuhi anakuja mtu na gunia lake moja, la halali:
Zamda, bintiye, amehesabu mpaka mia bila kukosea.
Mfaume anamtazama.
Anatabasamu kwa adabu, kama mgeni msibani.

Na mimi nilimwita mvivu.
Nilimwita jiwe, mbele ya mtoto.
Mama alisema kalogwa, akauza mbuzi wawili kwa hilo.

Juzi jirani alifungua pakiti ya sigara.
Ile karatasi ya ndani, ya kung'aa, ikachakarika,
na shingo ya Mfaume ikageuka kabla ya Mfaume mwenyewe.
Madirisha yasiyofunguka kwa mia ya Zamda
yakafunguka kwa mchakaro.

"Yatarudi, Bi Somoe?"
"Mengine. Polepole. Usinidai tarehe."

Sasa kila alfajiri namsindikiza.
Anakunywa kikombe chake mbele ya muuguzi,
anafungua mdomo kuonyesha kuwa amemeza,
mwanamume wa miaka thelathini na moja.
Tukirudi tunatafuna korosho za kukaanga, kimya,
mimi nikihesabu nguzo za umeme.

Leo, karibu na kona ya Magomeni, akatema.
"Hii imeungua," akasema,
akakunja uso, akachagua nyingine.

Nimeiandika daftarini,
bila uzito, bila daraja:
imepokelewa.